Saa kuukuu ya Muscat: ifunguliwe kwanza ndipo ilipiwe

Ufuta una bei ya mnada. Dhahabu ina bei ya dunia. Hisa zina bei inayotangazwa na Soko la Hisa la Dar es Salaam kila siku ya kazi. Saa kuukuu ya kifahari haina ubao wowote wa namna hiyo. Bei yake hukubaliwa na watu wawili, muuzaji na mnunuzi, na kwa kawaida mmoja wao anajua mengi kuliko mwenzake.

Kwa wafanyabiashara wa ukanda wa Pwani biashara hii si ya mbali kama inavyodhaniwa. Pale Vigwaza, katika barabara kuu ya Morogoro, malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda mikoani na nchi jirani husimama kwenye mizani. Panaposimama malori huzuka soko, na katika soko la njiani hakosekani mtu mwenye kitu kimoja tu mfukoni, tena kitu ambacho hataki kukionyesha mbele ya wengi.

Tuchukue mfano. Mnunuzi wa mazao wa Vigwaza ana sh. milioni 9 alizotenga kwa msimu wa ufuta. Anafuatwa na kijana aliyeteremka kwenye lori, anaamkiwa kwa heshima, "Shikamoo mzee," kisha anavutwa pembeni na kuonyeshwa saa ya mkononi ya Rolex, ya chuma, uso mweusi, na usoni pana jambia dogo jekundu. Maelezo ni mafupi. Saa ni ya marehemu babu aliyekuwa akifanya kazi Muscat, alizawadiwa na Sultani, familia sasa ina shida. Bei ni sh. milioni 9 hizo hizo, "na gari likishapima tunaondoka, mzee wangu." Mnunuzi ana dakika kama kumi na tano za kuamua iwapo mtaji wa msimu mzima uingie mfukoni mwa mtu asiyemjua.

Habari inayoweza kuwa kweli

Ugumu wa habari ya kijana huyu ni kwamba inawezekana kabisa. Sultani Qaboos bin Said alishika madaraka nchini Oman tarehe 23 Julai 1970. Katika miaka iliyofuata Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman, wakiwamo walioondoka Visiwani baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, walihamia huko na kupata kazi serikalini, jeshini na katika biashara. Mpaka leo Kiswahili kinasikika katika nyumba nyingi za Muscat. Jamaa zao walibaki Unguja, Pemba na mwambao wa bara, na zawadi zimekuwa zikivuka bahari tangu hapo.

Ni kweli pia kwamba Oman iliagiza saa za Rolex zenye nembo ya jambia, nyingi kupitia duka maarufu la vito la Asprey la London. Zilitolewa zawadi kwa maofisa na marafiki wa utawala, wakiwamo askari wa Uingereza waliopigana upande wa Sultani katika vita vya Dhofar vilivyomalizika katikati ya miaka ya 1970. Leo saa hizo huingia katika minada ya Geneva, London na New York, na huuzwa kwa bei ya juu sana kuliko saa ya aina ileile, ya mwaka uleule, isiyo na jambia.

Mtego uko hapo hapo. Chuma ni kilekile, mashine ni ileile, kioo ni kilekile. Kilichoongeza thamani ni mchoro wa milimita chache tu usoni. Mtu mwenye Rolex halali ya kawaida anaweza kumlipa mchoraji hodari akamwekea jambia, na saa ikapanda daraja kwa siku moja. Hakuna sehemu ya saa hiyo itakayoitwa feki isipokuwa hiyo moja iliyobeba bei.

Kwa hiyo mnunuzi anayeuliza, "Hii ni Rolex ya kweli au ya bandia?" anakuwa ameuliza nusu ya swali. Saa ya bandia kabisa si adui mkubwa, kwa kuwa fundi saa mzoefu huitambua mara moja akishaifungua. Swali la pili ndilo la fedha: je, uso, mishale, mashine, kasha na mfuniko wa saa hii vilitoka kiwandani pamoja, au vimekutana baadaye mezani kwa mtu?

Wenye kiwanda nao walinasa

Anayeona aibu kuhoji na akumbuke yaliyotokea Geneva. Mwezi Novemba 2021 kampuni ya minada ya Phillips iliuza Omega Speedmaster ya mwaka 1957, ya aina ya 2915-1, kwa faranga za Uswisi zaidi ya milioni 3.1. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 Omega ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa imeunganishwa kutokana na vipande, vingi vyake vikiwa halali vya Omega, na kwamba watu watatu waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Watoza saa wana jina la saa za namna hii: huzifananisha na jitu la Frankenstein, lililoshonwa kwa viungo vya maiti mbalimbali.

Ikiwa mwenye daftari za kiwanda, mafundi na maabara aliuziwa saa ya kushonwa, mnunuzi wa Vigwaza hana sababu ya kuona haya kusema, "Kijana wangu, tuifungue kwanza."

Mfuniko wa nyuma

Jibu ambalo muuzaji mjanja hutoa ni kwamba saa ikifunguliwa itaharibika au itaingiza maji. Jibu hili halina uzito. Saa ya mashine hufunguliwa kila inapofanyiwa huduma, na mpira wa kuzuia maji hubadilishwa wakati huohuo. Mfuniko wa Rolex za aina hii hufungwa kwa kuzungushwa, una meno madogo ukingoni, na huhitaji ufunguo wake maalumu. Fundi saa mwenye ufunguo huo hutumia dakika chache tu. Meno yaliyochubuliwa kwa koleo yanaonyesha kwamba mtu asiye na zana amewahi kuingia humo.

Ndani kuna mambo manne ya kusoma. La kwanza ni jina la kiwanda na namba ya aina ya mashine, ambavyo huchorwa kwenye chuma cha mashine yenyewe, si kwenye kibandiko wala sahani iliyowekwa juu. Namba hiyo ni lazima iwe ya mashine iliyotumika katika aina ya saa inayouzwa. La pili ni maandishi ya ndani ya mfuniko. Rolex nyingi za miaka ya 1950 hadi mwanzo wa miaka ya 1970 zina alama ya robo mwaka na mwaka, kwa mfano "III 68," yaani robo ya tatu ya 1968. Baadhi ya saa zilizopitia Asprey zina jina la duka hilo. La tatu ni mikwaruzo midogo ya tarehe na herufi ambayo mafundi huiandika kwa ncha ya sindano kila wanapofanya huduma. Saa inayodaiwa kuvaliwa miaka 40 bila alama hata moja ya fundi inazua swali, ingawa si ushahidi peke yake. La nne ni kutu. Hewa ya mwambao ina chumvi na unyevu, na saa iliyoishi Bagamoyo au Muscat kwa miongo kadhaa kwa kawaida hubeba dalili fulani kwenye nyuzi za mfuniko au pembeni mwa uso. Uso unaong'aa kama wa jana ndani ya kasha lililochakaa unamaanisha kwamba kimojawapo si mwenzake.

Nje ya kasha kuna namba mbili ambazo hazionekani mpaka mkanda au cheni itolewe. Kwa Rolex kuukuu, namba ya aina iko upande wa saa 12 katikati ya masikio ya mkanda, na namba ya mfululizo iko upande wa saa 6. Namba ya mfululizo ndiyo inayokadiria mwaka. Namba za karibu na milioni 5 ni za mwisho wa miaka ya 1970, na kuanzia 1987 kiwanda kilianza kutanguliza herufi, ya kwanza ikiwa R. Ikumbukwe kwamba majedwali haya yameandaliwa na watoza saa kwa kulinganisha saa nyingi. Rolex haikuyatangaza, hivyo tofauti ya mwaka mmoja au miwili si kosa. Kosa ni herufi ya R kwenye saa inayodaiwa kuzawadiwa mwaka 1976.

Namba iliyochorwa na kiwanda ina mistari mikali na mifereji safi. Iliyoigwa mara nyingi ina vitone kama ya kuchomwa kwa asidi. Kama namba imefutika kabisa, hakuna hesabu ya umri inayoweza kufanyika, na mnunuzi anatakiwa kujiuliza ni nani aliyekuwa na haja ya kuifuta. Vile vile namba hiyo itafutwe kwenye intaneti. Watengenezaji wa bandia hupenda kurudia namba moja kwenye saa nyingi.

Mapigo yanahesabika

Wengi wamefundishwa kwamba mshale wa sekunde ukiruka mara moja kila sekunde, saa ni ya betri na kwa hiyo ni feki. Kanuni hii ni nzuri kwa saa nyingi lakini si sheria, maana Rolex yenyewe iliuza saa za betri ziitwazo Oysterquartz kuanzia 1977, na zinaruka vivyo hivyo.

Kipimo bora zaidi ni idadi ya mapigo. Mashine nyingi za Rolex za tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi mwisho wa miaka ya 1970 hupiga mara 19,800 kwa saa moja, sawa na mapigo matano na nusu kwa sekunde. Mashine ya 3035, iliyoanza 1977, ilipandisha idadi hiyo hadi 28,800, yaani manane kwa sekunde. Mashine za kuigia mara nyingi hupiga 21,600 au 28,800. Sikio haliwezi kuhesabu tofauti hii, lakini mafundi wana chombo cha kusikiliza mapigo, na siku hizi zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo kwa kiasi cha kuridhisha mahali palipo kimya. Kando ya barabara ya Morogoro kimya hakipatikani, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kutofanyia biashara hii kwenye mizani.

Mwanga usiotakiwa

Hapa ndipo mtu asiye fundi anaweza kupata ushahidi mwingi kwa kutumia tochi ya simu tu.

Vitone vinavyong'aa gizani usoni na kwenye mishale vimebadilika kemikali mara tatu. Hadi mwanzo wa miaka ya 1960 ilitumika radiamu. Baada yake ikaja tritiamu, iliyotumika hadi karibu 1997 au 1998, na nyuso za wakati huo zina herufi T chini ya namba 6, kandokando ya neno "SWISS." Halafu ikaja Luminova na jamaa zake ambazo hazina mionzi, na nyuso zikaanza kuandikwa "SWISS" peke yake kwa muda mfupi, kisha "SWISS MADE."

Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3. Saa ya 1976 imebakiwa na chini ya moja ya kumi ya nguvu yake, na unga wenyewe umechoka. Mmulike kwa tochi, zima taa, ufunike kwa kiganja. Saa halali ya miaka hiyo haitatoa mwanga wowote wa maana, au itatoa kidogo na kufifia mara moja. Ikiendelea kuwaka kijani kwa muda mrefu, basi unga ni wa miaka ya karibuni: ama uso umepakwa upya, ama umebadilishwa, ama saa nzima ni bandia. Muuzaji atasema, "Tazama mzee, bado inawaka vizuri!" akidhani anaisifu saa yake.

Kuna jambo la haki kwa muuzaji ambalo ni lazima lisemwe. Uso uliobadilishwa na kituo cha huduma cha kiwanda chenyewe si feki. Zamani mteja alifurahi kurudishiwa saa yake ikiwa na uso mpya. Lakini soko la leo linalipa uso wa asili, hata uliopauka, kuliko uso mpya wa kiwandani, na tofauti hiyo inaweza kuwa sehemu kubwa ya bei. Mtu mwaminifu kabisa anaweza kuuza saa isiyo na thamani anayoidai na asijue.

Rangi ilinganishwe pia. Vitone vya uso na vya mishale vilivyozeeka pamoja huwa na rangi inayokaribiana, kama siagi au maziwa ya chai. Mishale myeupe juu ya uso wenye vitone vya manjano imetoka kwingine. Kwa saa za radiamu tahadhari ni ya afya: mwanga wake umekufa lakini mionzi ipo, kwani radiamu huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Fundi asikwangue vitone hivyo, na vumbi lake lisivutwe.

Nyuso zilizopakwa upya zina historia ndefu katika bahari hii. India ilinunua saa nyingi za Uswisi, Favre-Leuba na West End zikiwa miongoni mwa majina maarufu zaidi, na mafundi wa Mumbai wamekuwa hodari wa kuzipaka nyuso rangi kali na kuziuza tena. Ni saa nzuri za kuvaa na nyingine zinafanya kazi barabara. Kama kitega uchumi ni chuma chakavu chenye rangi.

Ikiwa ni ya dhahabu

Saa ya dhahabu ina faida moja ambayo ya chuma haina: ina bei ya chini kabisa ambayo sonara yeyote anaweza kuihesabu. Dhahabu ya karati 18 ina asilimia 75 ya dhahabu safi na hupigwa alama ya 750. Kasha lenye gramu 30 lina gramu 22.5 za dhahabu safi, nazo zizidishwe kwa bei ya siku. Kosa la kawaida ni kupima saa nzima. Mashine, kioo na chuma cha ndani si dhahabu, na kupima pamoja navyo ni kama kununua mpunga kwa bei ya mchele.

Alama za Uswisi nazo hutaja umri. Kasha la karati 18 lililopitishwa huko kabla ya 1995 lina kichwa cha mwanamke, Helvetia. Tangu 1995 alama ni kichwa cha mbwa wa Saint Bernard. Saa "ya 1975" yenye kichwa cha mbwa haina haja ya mjadala zaidi. Maandishi kama "20 microns" maana yake ni kwamba dhahabu imepakwa juu tu.

Jambia na karatasi zake

Turudi kwenye jambia jekundu. Nembo ya Oman ni jambia lililo ndani ya ala, pamoja na mkanda wake, juu ya mapanga mawili yaliyopishana. Kwa kioo cha kukuzia cha mara 10, cha aina wanayotumia masonara, mistari ya kiwandani inatakiwa kuwa myembamba, imefungwa, na wino wenye kingo safi. Mapanga yanayoungana kuwa doa, au wino uliotambaa pembeni, yanatia shaka. Hata hivyo kioo peke yake hakitoshi. Wachoraji wa siku hizi wana mitambo bora, na saa nyingine halali zina nembo nyuma badala ya usoni.

Kinachotenganisha jambia la Sultani na jambia la mchoraji ni karatasi na watu. Barua ya zawadi, picha ya babu akiwa nayo mkononi, hati ya ajira au ya utumishi wa jeshi, risiti ya huduma yenye namba ya mfululizo inayolingana na ya kasha: hizi ndizo zinazolipiwa kwenye mnada. Maneno ya mjukuu hayalipiwi, hata akiwa mkweli. Muuzaji mmoja anaweza hata kutaja kwamba saa ilikutwa imerekebishwa kwa majira ya Kiswahili, saa 12 jua linapochomoza, kama wazee wa Unguja walivyozoea. Ni jambo la kupendeza, lakini mshale huzungushwa na yeyote kwa sekunde tano.

Karatasi nazo hughushiwa. Kipimo rahisi ni hiki: kadi ya dhamana ya plastiki yenye ukubwa wa kadi ya benki ilianza kutolewa na Rolex karibu 2006. Saa ya miaka ya 1970 ilikuja na hati ya karatasi. Boksi la kijani lisipewe uzito wowote, maana maboksi huuzwa peke yake.

Baadhi ya viwanda vina daftari za zamani na hutoa maelezo ya saa kwa namba yake. Patek Philippe na Longines ni miongoni mwao. Rolex haitoi dondoo za daftari namna hiyo kwa mnunuzi wa kawaida. Ndiyo sababu Rolex kuukuu, jina linalojulikana kuliko yote, ni ngumu zaidi kuthibitisha kuliko Longines ambayo wengi hawaitilii maanani.

Bei mbili za saa moja

Njia salama kwa mwekezaji mdogo ni kuandika bei mbili. Ya kwanza ni ya saa hiyo kama haina jambia, ikipunguzwa gharama ya huduma na kila sehemu iliyobadilishwa. Ya pili ni nyongeza ya jambia. Bei ya kwanza inaweza kulipwa baada ya fundi kufungua saa na kuridhika. Nyongeza isilipwe mpaka karatasi zionekane, na zikionekana, zikaguliwe na mtu asiye na kamisheni katika mauzo hayo. Muuzaji akikataa mpango huu, anataka kulipwa kwa kitu ambacho hajakionyesha.

Hata saa ikiwa halali kwa kila kipimo, suala la kuigeuza kuwa fedha linabaki. Hati fungani, hisa na vipande vya mifuko ya uwekezaji vina njia za kuuzwa zinazojulikana. Saa ya Muscat haina mnunuzi wa pili Vigwaza. Itabidi ipelekwe Dar es Salaam, Nairobi, Dubai au ifikishwe kwa kampuni ya mnada, na kila kituo kina kamisheni yake. Aidha bei zenyewe hupanda na kushuka. Wapo waliosoma kwamba Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York mwezi Oktoba 2017 kwa dola za Marekani milioni 17.75 wakadhani kila Rolex kuukuu inaelekea huko. Soko la saa zilizotumika lilipanda kwa kasi hadi mwanzoni mwa 2022, kisha likashuka, na waliokopa ili kununua kileleni walibaki na saa na deni.

Kuna pia mkono wa sheria. Saa ndogo hupita kwa urahisi bandari bubu za mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam, na mnunuzi anaweza kujikuta na mali isiyolipiwa ushuru au iliyoibwa. Namba ya mfululizo inaweza kuulizwa kwa The Watch Register ya London, inayotunza orodha ya saa zilizoibwa. Bidhaa za bandia zikikamatwa na Tume ya Ushindani huteketezwa, na fedha ya aliyenunua ili auze tena haimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Kwa mnunuzi wetu wa mazao, kazi iliyobaki ni ya kalamu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda aliyeuziwa kitu kwa maelezo fulani kisha kikawa kingine, lakini ni lazima maelezo hayo yaonekane. Hati ya mauziano inayosema "saa moja ya mkono, sh. milioni 9" haimsaidii mbele ya hakimu. Hati itaje kiwanda, namba ya aina, namba ya mfululizo, mwaka unaodaiwa, kwamba uso na nembo ni vya asili ya kiwandani, na kwamba muuzaji atarudisha fedha ikithibitika vinginevyo ndani ya muda uliotajwa. Iwe na namba ya kitambulisho cha Taifa cha muuzaji, makazi yake, na saini za mashahidi wa pande zote mbili mbele ya mtendaji au wakili. Malipo yapitie benki au simu, yaache alama.

Hayo yote hayawezekani ndani ya dakika kumi na tano, huku dereva akipiga honi. Yanawezekana kesho yake asubuhi, kwa fundi saa mwenye ufunguo wa mfuniko, muuzaji akiwapo na kitambulisho chake. Nauli ya kijana kurudi kutoka Chalinze hadi Vigwaza ni ndogo, na mnunuzi anaweza kujitolea kuilipa.